Kibao cha Mama Kwenye Jumba la Mikoroshoni

Nina miaka hamsini na miwili, na sikijui kitu kilichobaki duniani cha kunishangaza mimi. Nimeliona lori langu mwenyewe likiteremka kwenye timbo la mawe bila dereva na kusimama hatua mbili nyuma ya fundi aliyekuwa akiswali, naye akamaliza rakaa zake, akatoa salamu, ndipo akageuka kutazama ni nini. Nimewaona watu wenye shahada wakibishana mchana kutwa juu ya idadi ya mawe ya nyumba moja, mpaka wakaniita mimi niliyeishia darasa la sita. Nikawatajia hesabu kabla sijashuka kwenye gari, na nyumba ilipokwisha yakabaki mawe matatu. Leo nina malori matatu, timbo, duka la vifaa vya ujenzi pale Ukunda, na nyumba ya ghorofa Milalani ambayo ngazi zake nilizichora mwenyewe ukutani kwa mkaa. Kwa hiyo nilipoletewa kadi ya kualikwa kwenda kutazama picha na sanamu katika jumba la zamani la shamba la Mikoroshoni, huku nyuma ya Msambweni, nilikwenda kama mtu anayekwenda kukagua kazi. Ukuta wa uwanja wa kuegeshea magari ya wageni ni mimi niliyeujenga.

Lakini jumba lile siwezi kuwasimulia wenzangu wa rika langu nikaanzia mlangoni. Lazima nirudi kule tulikotoka, kwa sababu vijana wa sasa ukiwatajia Mikoroshoni wanajua ni mahali pa kupigia picha za arusi.

Enzi zetu Mikoroshoni palijulikana kwa pua. Msimu wa mabibo ukifika, harufu ile tamu yenye uchachu ilivuka barabara ikatufuata mpaka darasani, na mwalimu akiuliza swali hakuna aliyelisikia. Tulikuwa tukipenya chini ya waya, tukila mabibo mpaka ulimi unakuwa mzito kama kipande cha ngozi. Majimaji ya bibo yakidondoka kwenye shati hayatoki kwa sabuni yoyote iliyowahi kuuzwa, hivyo kila mtoto wa Vingujini alivaa ushahidi wake kifuani mpaka shati lichanike. Korosho zenyewe tulizichoma juu ya bati bovu. Zinatoa moshi mweusi na mafuta yanayobabua, na jioni tulikwenda chuoni kusoma Kurani tukiwa na midomo iliyovimba. Maalimu alikuwa hana haja ya kuuliza. Alitupanga kwa ukubwa wa midomo akaanza kuchapa na mwenye mdomo mkubwa.

Tulicheza nage kwa mpira wa matambara. Tulicheza mdako mpaka kucha zinakwisha. Magari tulijitengenezea kwa nyaya, magurudumu tukayakata kwenye ndara za watu waliokuwa ndani wakiswali. Mjukuu wangu hivi sasa ana gari linalokwenda lenyewe kwa rimoti. Yeye anakaa, gari ndilo linalocheza. Na shuleni, wale mnaokumbuka, tulikuwa tukipewa maziwa ya bure katika pakiti za pembetatu. Wenzangu waliyanywa. Mimi yangu niliyabadilisha kwa penseli, penseli kwa gololi, gololi kwa viazi vya kukaanga. Mpaka wiki inakwisha nilikuwa nimeshiba kuliko mtoto wa mwalimu mkuu, na maziwa sijui ladha yake mpaka leo.

Kwetu Vingujini, nyumba yetu na ya Bi Mwanakombo zilitenganishwa na ua wa makuti tu, na ua wenyewe ulikuwa na pengo la ukubwa wa kichwa cha mtu. Kupitia pengo lile vilipita vitu vyote: kaa la moto, kikombe cha chumvi, mtoto mchanga, habari za watu. Mama na Bi Mwanakombo waliitana somo. Walifunga kanga za jozi moja, huyu kipande hiki na huyu kile. Mama akikohoa asubuhi, Bi Mwanakombo alijibu "pole somo" kutoka upande wa pili kabla baba hajasema neno.

Katika nyumba hizo mbili kulikuwa na kibao kimoja tu cha kukunia nazi. Kilikuwa chetu. Babu alikichonga kwa mti mgumu usioliwa na mchwa, kigoda kifupi chenye shingo mbele, na kwenye shingo kuna chuma chenye meno. Mguu mmoja wa nyuma ulipasuka, baba akauzungushia bati la kopo la mafuta ya kupikia, akapiga misumari mitatu. Kila alasiri ungesikia nazi ikikunwa upande mmoja wa ua, ikinyamaza, kisha kibao kinapita pengoni na inaanza upande wa pili. Sisi watoto tulihama pamoja na ile sauti, kwa sababu baada ya tui kukamuliwa, machicha ni yetu. Tulitiwa kiganjani na sukari kidogo. Hakuna aliyeomba ruhusa ya kukichukua kibao. Sharti lilikuwa moja tu: chombo cha watu hakirudi kitupu. Ukikirudisha, unakirudisha na kitu, hata kama ni limau mbili.

Sasa nimweleze mwenye Mikoroshoni. Alikuwa mama wa Kizungu mtu mzima, mjane, tuliyemwita Bibi Kofia, kwa sababu hatukuwahi kuziona nywele zake. Alichora picha, na rafiki zake kutoka Ulaya wakaja wakachora, na katikati ya kuchora alinunua vitu vya watu. Milango ya zamani, mitungi, ngoma, vijiko vya kifuu. Wazee walicheka mpaka wakakaa chini. Mtu anatoa pesa kwa mtungi uliopasuka, na mtungi mzima unauzwa sokoni. Lakini mimi sikucheka, nilimchunguza. Nikagundua jambo moja ambalo limenilisha maisha yangu yote: kitu kisicho na hadithi alikitazama mara moja tu, na kitu chenye hadithi alikivulia miwani.

Siku hiyo Bi Mwanakombo alirudisha kibao. Nilikuwa peke yangu barazani, nina miaka kumi na mmoja. Alikiweka karibu na mlango, juu yake maembe mabichi matatu, akasema, "Mwambie mamako somo kibao chake hiki." Nikaitikia. Maembe nikayala kwa chumvi. Kibao nikakitia guniani nikakipeleka Mikoroshoni.

Nilimwambia Bibi Kofia kwamba kile ni kiti cha babu yangu, mganga mkuu, alichokikalia kila alipozungumza na mizimu ya kaya, ule msitu wa wazee. Kwamba chuma kile chenye meno ni ulimi wa nyoka, na babu akiuliza swali la mvua, ulimi unatetemeka. Kwamba hapakuwa na mtu mwingine aliyeruhusiwa kukikalia, na aliyejaribu alipooza mguu, ndiyo maana mguu mmoja wa kiti umefungwa bati, kwa kumbukumbu ya yule aliyepooza. Hilo la mwisho lilinijia papo hapo. Bibi Kofia alivua miwani. Aliniuliza jina langu na la baba, akaandika yote kwenye daftari, akanipa shilingi thelathini. Kesho yake nilinunua sinia zima la kashata nikaziuza shuleni wakati wa mapumziko, na huo ndio mtaji wangu wa kwanza. Mahali pengine mmenisikia nikisema nilianza kwa kuokota korosho. Korosho niliziokota pia.

Mama alikitafuta kibao siku tatu. Siku ya nne palikuwa na arusi mtaani, wanawake wamezunguka masinia ya pilau, na mtu mmoja akauliza kwa nini nazi za kupikia wali zimechelewa kukunwa. Mama akajibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Muulizeni Mwanakombo kibao changu kiko wapi. Mwizi hana haya, anakaa anakula na watu." Bi Mwanakombo aliapa kwamba alikirudisha, kwamba alimkabidhi mtoto. Wakanitazama. Nilikuwa na tonge mkononi. Nikasema sikumbuki. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na biashara ilikuwa inakua.

Bi Mwanakombo alinawa mikono, akaondoka. Wiki ile ile pengo la ua likazibwa kwa makuti mapya, na mwaka haukwisha wakahamia ng'ambo ya barabara. Miaka arobaini na mmoja. Kwenye matanga walikaa ncha mbili za mkeka mmoja. Sahani za Idi hazikuvuka tena.

Basi, turudi kwenye kadi. Ilikuwa ya watu wawili. Mke wangu alikuwa na mkutano wa kikundi chao, nikamchukua mama. Ana miaka sabini na sita, magoti yake yanamsumbua na jicho moja lina mtoto, lakini akasema miaka yote amepita nje ya lile jumba, acha akaone ndani kuna nini.

Jumba ni zuri, sina la kupinga. Kuta za mawe ya matumbawe upana wa mkono mzima, lipu ya chokaa ambayo fundi wa leo haiwezi hata umpe mwezi. Bibi Kofia alifariki zamani, warithi wake wameligeuza kuwa mahali pa kutazama. Aliyetutembeza alikuwa msichana mmoja wa bara, mchangamfu, jina lake Shiku. "Karibuni sana, mzee na mama," alisema, "jisikieni mko nyumbani, ila plizi msiguse kitu." Mama akaniuliza kwa sauti ya chini ni nyumbani gani huko.

Tukatazama picha. Kulikuwa na picha ya bahari isiyo na maji. Kulikuwa na nyingine nyeupe tupu ndani ya fremu ya dhahabu, na nikamwambia Shiku kwamba kwangu mimi fundi akiacha kazi hapo halipwi. Mama alisimama mbele ya mtungi uliopasuka uliomulikwa taa tatu. "Kwa nini wanaumulika?" akauliza. "Ndiyo uvuje vizuri?"

Chumba cha mwisho niliingia mimi mbele. Katikati palikuwa na jukwaa lililofunikwa kitambaa cheusi, kamba nyekundu kulizunguka, na juu ya jukwaa, chini ya taa, kibao cha mama.

Nikageuka. "Mama, twende tukanywe chai."

"Chai ya kununua? Subiri kwanza nione na hiki."

Nilijipa moyo kwamba kwa jicho lile ataona kigoda tu. Na kweli alisimama nje ya kamba, akakaza macho. Ningetoka pale salama. Lakini Shiku alikuwa msichana anayeipenda kazi yake.

"Hiki ndicho kitu chetu cha maana kuliko vyote," akasema. "Ngoja niwasomee." Akasoma kibandiko kwa sauti ya redio: "Kiti cha ibada cha mganga mkuu. Kwa maelezo ya kijana Rashidi, mwana wa fundi Omari wa Vingujini na mjukuu wa mganga mwenyewe, ulimi wa nyoka ulitetemeka mbele yake kila mvua ilipokaribia. Bati kwenye mguu ni kumbukumbu ya mtu aliyepooza."

Nimesikia hukumu za mahakama zilizosomwa taratibu kuliko hapo na hazikuniuma vile.

"Rashidi gani?" mama akauliza.

"Mwana wa fundi Omari, mama. Wa Vingujini."

"Babake Omari alikuwa anaogopa kwenda msalani peke yake," mama akasema. "Angezungumzaje na mizimu?"

Akaiinua kamba akapita chini yake, na magoti yale yale. Shiku akasema aki mama plizi, lakini mama alikwisha kufika. Akaupapasa mguu wa nyuma kwa vidole. Nilimwona anahesabu. Msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akabaki ameushika kwa muda mrefu, na nilipomtazama usoni nilitamani anipige kofi, nimezoea makofi yake.

"Mwanakombo alikirudisha," akasema.

"Alikirudisha, Mama."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Shiku alitutazama kwa zamu. "Kwani hiki si kiti cha ibada?"

"Binti yangu," mama akamwambia, "hiki ni cha kukunia nazi."

Shiku akasema wiki iliyopita profesa mmoja alikipiga picha dakika arobaini. Mama akamjibu kwamba ni sawa, kibao ni kizuri.

Nilikwenda kwa meneja, mtu wa Kwale mwenye suti na upole mwingi. Nikamwambia nataka kukinunua kibao kile, ataje bei. Mimi nimeshanunua mashine ya kusagia kokoto kwa pesa taslimu, sikuona kibao kitanishinda. Akasema mkusanyiko ni wa mfuko wa amana wa warithi, hauuzwi hata kipande. Nikamwambia basi kile kitu ni cha wizi. Akafungua daftari la zamani, akanigeuzia. "Mzee," akasema, "aliyetuuzia ni wewe. Tunalo jina lako na la babako."

Nikamtia mama garini. Tulipofika barabara kuu akasema, "Nipeleke kwa Mwanakombo." Na tulipofika kwa Mwanakombo akasema, "Shuka wewe kwanza. Ukitoka mzima, nami nitashuka."

Bi Mwanakombo alikuwa kibarazani akisuka ukili wa mkeka. Amekuwa mdogo, kama watu waliokonda kutoka ndani.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba. Wewe si ndiye mwenye malori."

"Ni mimi."

"Malori yako yananitilia vumbi kwenye nguo. Kaa."

Nikakaa na kumweleza yote, gunia, Bibi Kofia, ulimi wa nyoka, maembe matatu na tonge mkononi. Vidole vyake havikusimama hata mara moja mpaka nilipomaliza. Ndipo akauweka ukili chini.

"Unajua nilichokifanya?" akasema. "Nilikitafuta. Miaka mingi nilikuwa nikikitafuta ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Chini ya vitanda, darini. Nilifika mahali nikajiambia, pengine kweli nilikichukua nikasahau. Marehemu mume wangu aliniuliza mara moja tu, taratibu, kama nimekificha. Mara moja tu. Amekufa hajaniuliza tena, na sijui alikufa anaamini lipi."

Nimefanya mapatano na watu wagumu, wenye mashamba, wanasiasa, watu wa ushuru. Nikasema nitamlipa chochote anachotaka.

"Sitaki pesa yako. Maneno yale yalisemwa watu wakila. Yafutwe watu wakila. Na utasema wewe, si mamako, yeye alidanganywa kama mimi. Wale walioyasikia wawepo." Akanitajia waliobaki hai, wanawake kumi na mmoja, kwa majina ya baba zao. Mmoja alikuwa ameolewa Shimoni. "Na nazi za wali huo zikunwe kwa kibao kile kile, watu wakione kwa macho. Mamako yuko wapi?"

"Yuko kwenye gari."

"Akae huko huko mpaka siku hiyo."

Nilirudi kwa meneja mara nne. Mwisho akakubali kukiazima kwa siku moja. Niweke amana ya pesa, Shiku afuatane nacho, na nitie sahihi karatasi mbili za masharti. Nikatia sahihi. Kusoma maandishi madogo nina mtu wa kunisomea, na siku hiyo hakuwepo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba sharti la kwanza lilisema kitu hiki hakitakaliwa.

Siku ilipofika nilifunga turubai pale Vingujini, uwanja wa nyumba yetu ya zamani. Shiku alikuja na kibao ndani ya sanduku lenye pamba, amevaa glavu nyeupe kama anayemzalisha mtu. Akakiweka mezani. Mama akakitoa mezani akakiweka chini. Akapitisha kidole kwenye meno ya kile chuma, akatikisa kichwa.

"Butu hili. Litakuna nini?" Akachomoa tupa kwenye mkoba, tupa ya dukani kwangu, na bila kumuuliza mtu akaanza kunoa jino baada ya jino.

"Mama, plizi, hiyo ni kutu ya kihistoria," Shiku akasema.

"Ndiyo hiyo ninayoitoa."

Shiku akanitazama mimi. Nikatazama masufuria.

Watu walijaa. Wale kumi na mmoja walifika wote, nilimtumia gari yule wa Shimoni, na nyuma yao wakaja ambao arusi ile hawakuzaliwa. Bi Mwanakombo aliingia wa mwisho, kanga mpya, akakaa upande wake wa mkeka. Pilau ya kufungulia ikashushwa, mikono ikaingia kwenye masinia, naye akanitazama akainua kidevu.

Nikasimama. Mimi ni msemaji. Kwenye harambee hupewa kipaza sauti na watu huniomba nikirudishe. Siku hiyo nilisema maneno haya tu: "Kibao cha mama nilikiiba mimi, nikakiuza Mikoroshoni kwa shilingi thelathini. Bi Mwanakombo alikirudisha, akanikabidhi mimi, na juu yake aliweka maembe. Nilikuwepo alipoitwa mwizi, nikanyamaza. Bi Mwanakombo hakuiba kitu." Kisha nikabaki nimesimama kwa sababu sikujua mtu anakaaje baada ya hapo.

Mzee mmoja niliyesoma naye akasema kutoka nyuma, "Kumbe zile kashata," na watu wakacheka. Ila wale wanawake kumi na mmoja hawakucheka. Mmoja mmoja waliinuka na vijiti vyao na magoti yao, wakaenda kumshika Bi Mwanakombo mkono. Mama alikuwa wa kumi na mbili. Mkono wake haukuachiwa haraka.

Baadaye Bi Mwanakombo akainuka akaenda palipokuwa na kibao, akakikalia, akaomba nazi. Shiku akafumba macho. Mama akaweka ungo chini ya chuma akakaa kando. Sauti ile ikaanza, ile ya alasiri zetu, na nikaona watu wazima kabisa, watu wenye mvi na maduka, wanasogea kama wanaosubiri machicha.

"Unakuna nene," mama akasema.

"Chuma umekinoa kama unakwaruza sufuria. Nifanyeje?"

"Nipe mimi basi."

"Tulia. Miaka arobaini na mmoja umekaa bila kukuna, dakika mbili zinakushinda?"

Walizozana mpaka nazi ya ishirini, na wali ukachelewa, na hakuna aliyelalamika.

Jioni Shiku alikirudisha kibao kwenye pamba. Mama hakukitaka. Alisema atakifanyia nini, wajukuu wake wananunua tui la paketi na wanadhani mnazi una mfereji. Aliomba kibandiko kibadilishwe tu, na meneja amekubali kuongeza majina mawili ya wanawake. Lakini la ulimi wa nyoka wameliacha, wanasema wageni wanalipenda. Sikupinga. Ni kazi yangu ile.

Huwa ninapita na lori kutoka Ukunda hadi Msambweni nikizitazama nyua za watu. Zamani zilikuwa makuti, ukiita jina jirani anaitika. Leo ni mawe, futi nane, juu vigae vya chupa. Mengi ya mawe hayo yametoka kwenye timbo langu, nililipwa vizuri na ninajivunia kazi, hakuna ukuta wangu uliowahi kupasuka. Ila chombo hakipiti. Mtu akikohoa ndani hajibiwi na mtu. Watoto wanakua bila kujua jirani anapika nini, na wakikosa kitu wanatuma pesa kwa simu kinaletwa na pikipiki. Hawaazimani, kwa hiyo hawagombani. Na wasiogombana hivyo sijui siku moja watapatanaje.

Jumba likaniandikia wiki iliyofuata. Amana imezuiliwa yote, kwa sababu ya kile walichokiita kubadilisha umbo la kifaa cha urithi. Nilimpelekea mama barua hiyo nikamkuta yuko barazani na Bi Mwanakombo, wanamenya kitunguu saumu. Wakataka wasomewe. Nikawasomea kwa shida yangu ile, na nilipofika kwenye kutu ya kihistoria walishikana mabega kwa kicheko. Kisha Bi Mwanakombo akafuta macho kwa upindo wa kanga, akaniuliza jambo lile limenigharimu kiasi gani kwa jumla, mchele, nyama, turubai, gari la Shimoni na hiyo amana. Kwa kawaida nikiulizwa hivyo huongeza kidogo. Nikamtajia kama ilivyo: shilingi laki moja, elfu themanini na tatu, mia sita na hamsini.